Kwanini agizo la wizara likifika mwaloni linakuwa kitu kingine?

Kijana mmoja, mjumbe wa kamati ya BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo, yaani pale boti zinaposhushia samaki) huko Kayenze, Ilemela, Mwanza, kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Tunaletewa maagizo kutoka wizarani kuhusu makokoro na samaki wachanga, tunasimamia mwezi mmoja afu diwani anakuja anasema tuwaache watu watafute riziki, mkurugenzi nae anauliza mbona ushuru umeshuka, halafu watu wa doria wakija wanatukamata hata sisi wanasema tunashirikiana na wahalifu. Wenzetu wa visiwani tunasikia hawasumbuliwi. Sera si ni moja nchi nzima? Sasa nani hasa anatuangusha?"

Marahaba mwanangu. Nakujibu kwa urefu kwasababu naona umechoka, na mtu wa BMU akichoka mwalo unabaki hauna mwenyewe.

Nikwambie ukweli mapema, hamna mtu mmoja anayewaangusha. Hao watatu uliowataja kila mmoja ana mkubwa wake tofauti na kila mmoja anapimwa kwa kitu tofauti, na katika hao watatu ni watu wa doria tu ndo kazi yao inapimwa kwa makokoro (nyavu za kuburuta) yaliyokamatwa. Diwani anapimwa kwa kura. Mkurugenzi anapimwa kwa makusanyo. Nyie BMU mko katikati hapo, hamna mshahara, hamna bajeti, na waliowachagua ni haohao mnaotakiwa kuwakamata. Ukilielewa hilo vizuri utaacha kutafuta mbaya wako ni nani, utaanza kutafuta mahali pa kushika.

Angalia agizo linavyosafiri. Sheria ya Uvuvi ni Namba 22 ya mwaka 2003, ina kanuni zake, na ndani ya hizo kanuni ndo kuna marufuku ya kokoro, marufuku ya nyavu za timba, marufuku ya kuvua sangara chini ya sentimita 50 na mengine unayoyajua kuliko mimi. Mwenye sheria hiyo ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Ila afisa uvuvi wa kata yako sio mtu wa wizara hiyo! Ni mtumishi wa halmashauri, mkubwa wake ni mkurugenzi, mkurugenzi yuko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Waziri wa uvuvi akitoa tamko leo, hawezi kumpigia simu afisa uvuvi wa Kayenze akamwambia kesho uwe ziwani, hana mamlaka hayo ya moja kwa moja na wala hana fungu la petroli ya boti lake. Hilo fungu likiwepo linatoka kwenye mapato ya ndani ya manispaa, na kwenye kikao cha bajeti petroli ya doria inagombania shilingi ileile na madarasa, na zahanati, na posho za vikao, na barabara ya diwani fulani aliyeahidi kwenye kampeni. Mara nyingi petroli inashindwa. Ndo maana wizara ikaweka kitengo chake cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, hao mnaowaita watu wa doria, ambao hawapiti kwa mkurugenzi kabisa. Wakifika kwenu wanakuja kwa mstari mwingine, hawana habari kwamba juzi nyie mlikamata nyavu mkazipeleka ofisi ya kata, wanachoona ni kokoro liko mchangani na mjumbe wa BMU yuko hapo pembeni.

Sasa huyu mkurugenzi. Watu wengi wanamlaumu kwamba anapenda hela kuliko samaki, mi nadhani hiyo lawama inamkwepa aliyemfikisha hapo. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, na TAMISEMI hutangaza hadharani halmashauri zipi zimefikia lengo la makusanyo na zipi zimebaki nyuma, akishika mkia anajua kinachofuata. Wakati huohuo vyanzo vyake vimekuwa vikipungua kimoja kimoja. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa 2003 na mwaka uliofuata ikafuatwa na ushuru mwingine mdogomdogo. Kodi ya majengo ikapelekwa TRA mwaka 2016, na toka 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ushuru wa mazao ukashushwa 2017 kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kila moja ya hizo ilikuwa na sababu yake nzuri na wananchi wengi walifurahi, mimi pia naona kodi ya kichwa haikuwa kitu cha kurudishwa. Ila ukijumlisha zote unapata halmashauri ya kando ya ziwa ambayo kilichobaki mkononi mwake kwa uhakika ni leseni, masoko, vizuizi vya ushuru na mwalo. Kwa hiyo mwalo ukifungwa wiki mbili kwasababu ya doria, yeye kwenye mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, anaona shimo. Mashine inarekodi kilo na shilingi, haipimi urefu wa samaki.

Hapo pia ndo jibu la "wenzetu wa visiwani". Ilemela ina Kirumba Mwaloni, ina viwanda vya samaki, ina mahoteli, ina nyumba za kupanga na maduka, samaki wakiyumba bado ina pa kushika. Halmashauri yenye visiwa vingi kama Ukerewe au Buchosa haina huo upana, samaki ndo kila kitu, afu visiwa vingine ni vya kambi tu, boti la doria likitoka mbali huko habari zake zinafika kwa simu kabla halijatia nanga. Sio kwamba kuna sera nyingine ya visiwani. Ni sera ileile imekutana na mfuko mwembamba na umbali mrefu. Na hawajaachwa bila kuguswa, waulize wavuvi wa huko kuhusu Operesheni Sangara ya 2018, hiyo nitairudia.

Diwani nae tumtendee haki. Kokoro moja linavutwa na vijana wengi, nyuma yao kuna mama mpika chakula wa kambi, kuna wachuuzi wa samaki wadogo wadogo ambao sangara mkubwa hawana mtaji wa kumnunua, kuna muuza barafu. Hao wote wana majina na wanaishi kwenye kata yake na wana kadi za kupigia kura. Yule ambaye anafaidika kokoro likiacha kuvutwa ni mvuvi wa miaka mitatu ijayo na pengine yuko mwalo mwingine kabisa, huyo haji nyumbani kwa diwani saa kumi na mbili asubuhi kulalamika. Diwani anafanya kile alichochaguliwa kufanya, kusikiliza watu wake, shida ni kwamba faida ya sera imesambaa ziwa zima na maumivu yake yamelundikana kwenye kata moja. Halafu kuna matajiri wa nyavu, na hapa sitazunguka, baadhi yao ndo wanachangia mafuta ya msafara na ujenzi wa zahanati na ndo wenye boti ambalo hata ofisi ya kata inaliazima ikipata dharura. Mtu wa namna hiyo hahitaji kutoa rushwa ili asikilizwe, anasikilizwa tu.

Kuna historia hapa ambayo vijana wengi hamkufundishwa. Nchi hii mwaka 1972 ilifuta halmashauri za wilaya, ikaleta Madaraka Mikoani, jina lilisema madaraka yanashuka lakini yaliyoshuka ni maafisa wa serikali kuu wenyewe. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za 1982, zile Namba 7 na Namba 8, zikaanza kazi tena 1984, na Katiba ikapata ibara za 145 na 146 zinazosema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ikaja sera ya ugatuaji. Ila viongozi wa kuteuliwa hawakuondoka. Kwa hiyo leo wilayani una serikali mbili zinazokaa jengo jirani, moja imechaguliwa ina madiwani na baraza lao, nyingine imeteuliwa ina mkuu wa wilaya na kamati yake ya ulinzi na usalama, na mkurugenzi kasimama katikati, kwa madiwani ni katibu wao na kwa serikali kuu ni mteule wao. Agizo la kitaifa likishuka linaweza kupita mlango wowote kati ya hiyo miwili. Likipita kwa mkuu wa wilaya linakuja kama operesheni, haraka na kwa nguvu, na linaisha haraka vilevile. Likipita kwa baraza linakuja polepole, linajadiliwa, linapunguzwa makali, ila likishakuwa sheria ndogo linabaki. Mambo ya uvuvi kwa miaka mingi yamekuwa yakipita ule mlango wa kwanza, na hiyo ndo sehemu kubwa ya maumivu yako.

Operesheni ya 2018 ndo mfano. Agizo lilitoka juu kabisa kwa waziri, vikosi vikaundwa na watu wa vyombo mbalimbali, nyavu zikachomwa mwalo kwa mwalo. Nguvu ilikuwa kubwa na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba serikali imeamua. Wavuvi wakalalamika sana kuhusu faini na namna walivyotendewa, wabunge wa kanda hii wakalipeleka Bungeni. Mi naona kosa kubwa lilikuwa moja, halmashauri na BMU ziliachwa pembeni kama watuhumiwa, kwa hiyo vikosi vilipoondoka hakukuwa na mtu mwaloni aliyeiona ile kazi kuwa yake. Unaweza kuchoma nyavu zote za Mwanza kwa miezi miwili, ila mwezi wa tatu anayelala mwaloni ni nyie.

Ukitaka kuona kwamba siasa za mahali ndo zinaamua, tazama upande wa pili wa maji. Tanzania tuna zaidi kidogo ya nusu ya ziwa, Uganda ndo ya pili, Kenya wana kipande kidogo cha asilimia 6 hivi. Nchi zote tatu zina shirika moja la uvuvi wa ziwa, LVFO, lililoanzishwa kwa mkataba wa 1994, makao yake Jinja, na zote tatu zilikubaliana kwamba mwalo usimamiwe na BMU. Wazo moja, samaki walewale. Angalia kilichotokea. Uganda mwishoni mwa 2015, kampeni za uchaguzi zikiwa zimepamba moto, Rais Museveni akasimamisha BMU kwasababu wavuvi walikuwa wanalalamika wananyanyaswa, na 2017 ikaingia kinyume chake kabisa, jeshi likapewa kazi ya kulinda ziwa. Kenya walitunga kanuni za BMU 2007, ilipokuja Katiba ya 2010 na kaunti zikaanza 2013, uvuvi ukawa na wenyewe wawili, serikali ya taifa na gavana, na BMU ikajikuta inaangalia huku na kule. Kwetu BMU zilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 zikiwa zinabebwa na mradi wa mazingira wa ziwa, zikatambuliwa na sheria ya 2003, fedha za mradi zilipoisha zikabaki zinategemea roho nzuri ya halmashauri. Hakuna aliyebadilisha wazo lenyewe. Kilichobadilika ni kura, katiba na mfuko wa kila upande, na sangara anayevuka mpaka usiku anakuta sheria tatu asubuhi.

Na sio uvuvi tu. Wewe ni kijana wa Mwanza, utakumbuka ya machinga. Desemba 2016 wanaondolewa mjini, Rais Magufuli anasema waachwe. Desemba 2018 vinakuja vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, mwenye nacho hadaiwi ushuru mwingine, na hizo hela haziingii halmashauri. Sasa fikiria anayetakiwa kuvigawa mtaani ni mtendaji yuleyule ambaye bosi wake anamdai makusanyo ya soko. Mwaka 2021 serikali ya Rais Samia inasema wapangwe upya bila kutumia nguvu, na kazi ya kutafuta eneo, kuliwekea choo, taa na njia ya daladala inaiangukia halmashauri ileile iliyokosa ule ushuru. Palipokuwa na eneo zuri karibu na wateja watu walihama wakatulia, palipokosekana walirudi barabarani. Tofauti haikuwa kwenye tamko, ilikuwa kwenye ardhi na mfuko wa manispaa husika.

Mikopo ya asilimia 10 hivyohivyo, ile ya 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Toka 2018 imeandikwa kwenye sheria kabisa, haina riba, halmashauri lazima itenge. Ila asilimia 10 ya kitu gani? Ya mapato ya ndani. Kwa hiyo kikundi cha akina mama wakaanga dagaa kwenye halmashauri masikini kinagombania kapu dogo hata kama sheria ni moja, na anayepitisha majina ya vikundi anaanzia kwenye kata, na kwenye kata kila mtu anajua nani alikuwa kambi ya nani kwenye kura za maoni. Serikali iliisimamisha 2023 kwasababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi na utaratibu mpya mwaka uliofuata. Mi naipenda sana hii sera na ndo maana inaniuma kuona inavyoliwa.

Sasa mfanye nini, maana najua hukuniandikia upate darasa la historia.

Diwani wako ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata (WDC), mtendaji ni katibu. Acheni kubishana nae mwaloni mbele ya watu, pale lazima asimame na wapiga kura wake na hata ningekuwa mimi ningesimama nao. Pelekeni hoja ya makokoro kwenye WDC kwa maandishi, ijadiliwe, iandikwe kwenye muhtasari. Akisema waachwe, ataisema ikiwa imeandikwa, na diwani mwenye akili hataki muhtasari wa namna hiyo uwepo faili la kata likikaguliwa. Mara nyingi mtapata kitu cha katikati, mfano muda wa mpito wa kubadilisha nyavu, au vijana wa kokoro wawekwe mbele kwenye vikundi vya asilimia 10 na vya vizimba vya kufugia samaki wakikubali kuacha. Hiyo ndo kazi ya siasa ikifanywa vizuri, inamtafutia pa kwenda yule unayemzuia.

Kwa mkurugenzi usiende na lugha ya kuhifadhi mazingira, nenda na lugha ya makusanyo. Andikeni kwa miezi kadhaa, kila siku, kilo za sangara zilizoshuka mwaloni na saizi zake na bei aliyouzwa, mkubwa anauzwaje kiwandani, mabondo yake yanauzwaje, na yule mchanga anaenda kwa bei gani. Hizo namba hana mtu mwingine, ni nyie tu mnaoweza kuzipata. Kisha ombeni BMU ipewe sehemu ya ushuru wa mwalo, na iandikwe kwenye sheria ndogo ya manispaa, isiwe ahadi ya mdomo ya mkurugenzi ambaye anaweza kuhamishwa kesho. Kuna halmashauri zimewahi kuwapa BMU kazi ya kukusanya ushuru kwa kamisheni, inasaidia, ila hapo muwe macho sana kwasababu siku mtakapoanza kula kutokana na kilo zinazoshuka, na nyie mtaanza kuwa na macho ya mashine ya POS. Bora fungu lenu litoke kwenye leseni za vyombo na faini kuliko kwenye kilo. Sheria ndogo inaanzia kwenye baraza, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni, inaidhinishwa na waziri wa TAMISEMI, kwa hiyo ni safari ndefu, anzeni mapema na msisubiri mwaka wa uchaguzi kwasababu mwaka huo hakuna diwani atakayegusa jambo lenye kokoro ndani yake.

Msiende peke yenu. Kayenze ikikaza na Igombe ikalegeza, vijana wanahamisha kokoro usiku mmoja, wateja wanahama nalo, afu kamati yenu ndo inaonekana mbaya. Kaeni BMU zote za Ilemela kwanza, mkubaliane tarehe moja na adhabu moja, baadae mtafute za Magu na Ukerewe mnaopakana nazo kwenye maji.

Na hili la kukamatwa lishughulikieni wiki hii hii, lisisubiri hayo mengine. Kila mkikamata nyavu andikeni hati ya makabidhiano, idadi, aina, tarehe, jina la mwenye nyavu kama anajulikana, afisa uvuvi asaini na mtendaji agonge muhuri, nakala moja ibaki ofisi ya BMU pale mwaloni. Afu andikeni barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya na kwa ofisi ya kanda ya kile kitengo cha wizara hapa Mwanza, mwombe kwamba doria ikija Kayenze ipitie kwa afisa uvuvi na wajumbe wawili wa BMU waingie kwenye boti. Mkuu wa wilaya ndo anaongoza kamati ya usalama kwa hiyo neno lake watu wa doria wanalisikiliza kuliko la diwani. Wakikataa kuwapakia, mtakuwa na barua yenye muhuri wa kupokelewa, na siku nyingine mjumbe wenu akishikwa mchangani na kokoro la mtu mwingine mtu wa kwanza kuulizwa hatakuwa yeye.